Kichwa cha Samaki Asiye na Meno

Mikono hii imetengeneza mbabula nyingi kuliko nyumba za mtaa wetu wa Kikula. Sitasema ni ngapi, maana sikuwahi kuhesabu. Mbabula ni jiko la makaa, kila mtu mjini Likasi analijua, na zangu zinajulikana kwa miguu yake isiyoyumba. Lakini si mbabula iliyonipeleka mbele ya inspekta wa shule nikiwa nimevaa kitenge changu cha Pasaka. Ni kichwa cha samaki. Na si samaki wa bwawa la Mwadingusha, hao ninawajua wote, miiba yao nimeitoa kooni mwa watoto saba. Ni samaki ambaye hakuna mtu aliyewahi kumla, kwa sababu alikufa yeye na ukoo wake wote kabla hakujawa na mtu wa kula, wala ndege, wala mbuzi, wala ua moja duniani.

Shule mimi niliacha mwaka wa tatu. Kusoma nimejifunzia kwenye katekisimu, ndiyo maana naandika hivi, pole pole, kama mtu anayepanda ngazi na beseni la maji kichwani. Baba yangu alitoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mume wangu alikuwa fundi wa tole, yaani bati, kwenye kiwanda, na kazi ilipokufa alirudi nyumbani na nyundo yake na mkasi wake wa kukatia bati, akaanza kutengeneza mbabula uani. Mimi nilikuwa namshikia tole. Ukimshikia mtu tole miaka kumi na moja, unajua kila anachojua, na mengine anayokosea unayajua pia ila unanyamaza.

Alipokufa, watu wa ukoo wake walikuja kugawana vitu. Walichukua redio, kitanda, baiskeli, hata suruali zake. Nyundo na mkasi wa bati hakuna aliyevitaka. Shemeji mmoja alivisukuma kwa mguu: “Hivi ubaki navyo, mamu, ukavikule.” Nimevikula, asante. Nimevikula mimi, na watoto wangu, na sasa wajukuu nao wanavikula.

Mjukuu ninayemwandika hapa ni binti wa binti yangu mkubwa. Mama yake anauza nguo Lubumbashi, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi tangu akiwa na meno ya maziwa. Sasa ana miaka kumi na saba na yuko sekondari, seksioni ya sayansi. Ni mrefu, mwembamba, miguu kama ya korongo. Tangu mdogo alikuwa anafungia vyura katika makopo yangu, anawatazama, anaandika, halafu anawaachia. Kitu anachotaka maishani amekisema mara moja tu, na alikiambia kopo: anataka kazi ya wale watu wanaosoma mawe na mifupa.

Siku moja profesa wake wa biolojia, ndivyo tunavyowaita walimu wa sekondari, akaniita. Kijana mkavu, viatu vinang'aa. Akanipa kiti, akabaki amesimama.

“Mama, huyu mutoto wako anaandika muzuri kupita wote,” alisema. “Lakini nikimuuliza kintu mbele ya bantu, anainamisha kichwa, ananyamaza. Anaangalia viatu. Nimemuwekea ziro tatu ya kusema.”

“Pengine hajui.”

“Anajua! Angekuwa hajui singekuita. Mama, mutu wa sayansi anasemaka. Anaonyesha kintu, banamuuliza, anajibu. Huyu hawezi. Mwisho wa mwaka tutamupeleka coupe-couture. Kule atashona, hakuna mutu atamuuliza kintu.”

Coupe-couture ni seksioni ya kushona. Sikuitukana, na sitaitukana hapa. Kitenge changu cha Pasaka kimeshonwa na mtu. Lakini mtoto mwenye vyura katika makopo, utamkalishaje mbele ya cherehani?

“Hakuna dawa?” nikauliza.

“Iko moja. Siku ya milango wazi, wazazi banakuya, inspekta anakuya. Kila mwanafunzi wa darasa langu atasimama na kintu chake, ataeleza. Akisema siku ile, anabaki kwangu. Akinyamaza, mambo imekwisha.”

Njiani kurudi nilimuuliza: “Weye unataka kushona?”

Akainamisha kichwa. “Vile Kaku anataka.” Kaku ni bibi, kwa Kiluba cha kwetu.

“Sikuuliza Kaku anataka nini! Kaku anataka kuketi na kunywa chai. Weye?”

“Nataka sayansi,” alisema, lakini aliviambia viatu.

Wenzake walichukua karatasi katika kofia ya profesa. Mmoja akapata moyo, mmoja mbu wa malaria, mmoja mvua. Yeye akapata “samaki mwindaji wa bahari za kale”. Alikwenda kwenye maktaba ya masela, yaani masista wa misheni, akarudi na picha aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, akaiweka juu ya tole niliyokuwa nanyoosha, akasimama pembeni.

Niliitazama. Nikaigeuza. Nikaitazama tena.

“Hii si samaki,” nikasema. “Hii ni mbabula yenye macho.”

Akacheka kidogo, mkono mdomoni. Lakini nilikuwa sifanyi mzaha. Samaki gani ana kichwa cha mabamba? Bamba hapa, bamba pale, yameungana kwenye mishono kama kazi ya fundi. Jina lake ni Dunkleosteus. Nimelifanyia mazoezi kama sala na bado linaniuma ulimi. Mtoto alinieleza, kwa sauti ya mtu anayeiba sukari: mifupa yake ilikuwa nje, kichwani na mabegani, kama ngao. Nyuma ya mabega alikuwa laini, na vitu laini vinaoza, kwa hiyo mwili wake wote hakuna anayeujua vizuri. Zamani walisema ana urefu wa lori. Siku hizi wamempunguza, wanasema alikuwa mfupi zaidi na mnene. Kichwa ndicho kinachojulikana, maana kichwa kimebaki katika mawe.

“Na meno?”

“Hana.”

“Hana meno na ni mwindaji?”

Akanionyesha. Mfupa wenyewe wa taya ulikuwa umechongoka kama upanga, wa juu na wa chini, na kila akifunga kinywa panga hizo zinasuguana, zinajinoa. Alikuwa anakata samaki wengine pamoja na ngao zao. Alikuwa anakata hata ndugu zake. Mifupa asiyoweza kuisaga tumboni, anaitapika. Hayo matapishi nayo wameyakuta katika mawe.

Nilikaa chini. Nimeuza katika soko la Likasi miaka mingi, na watu wa namna hiyo nimekutana nao, ila sikujua kwamba walianza zamani hivyo.

“Weye endelea kuchora,” nikamwambia. “Minye nitakutengenezea kichwa.”

Nikatafuta pipa la mafuta lililopasuka, tole yake nene. Nikakata bamba moja moja kwa mchoro wake. Nikayagonga juu ya kipande cha reli mpaka yakapinda kama mgongo wa sufuria. Panga za kinywa nilizitoa katika majembe mawili yaliyochakaa, chuma kizuri, nikazinoa mpaka zikakata unyasi. Jirani yangu, muuza mboga, alichungulia juu ya ukuta kila asubuhi.

“Mama Mbabula! Unatengeneza jeneza ya mbuzi?”

“Apana. Ya kinywa yako. Nimekosa tole ya kutosha.”

Alicheka mpaka majani yake ya sombe yakamwagika. Kesho yake akaleta watu wengine wachungulie.

Mjukuu alikuwa akitoka shule anakuja kusimama karibu. Anashika bamba, ananipa misumari ya kuribeti, ile ya kuungia mabamba, kimya. Siku ya tatu nikaona uso wake si mzuri, nikadhani ana njaa. Siku ya nne nilikuwa nimemaliza. Kichwa kikubwa kuliko beseni la kufulia, cheusi, macho mawili ya duara, na taya la chini linaloshuka na kupanda kwa bawaba. Nilikuwa nimekiribeti chote. Fundi wa mbabula haachi nafasi. Mbabula yenye nafasi inamwaga kaa la moto juu ya mguu wa mtoto, kwa hiyo mimi, mshono wangu hata upepo haupiti. Kichwa na mabega vilikuwa kitu kimoja, vigumu, vimefungwa kabisa. Nikavuta taya, likafunguka, likafunga: ta!

“Eh?” nikamwambia. “Sema Kaku wako si fundi.”

Akatazama chini. Akatazama samaki. Vidole vyake vilikuwa vinakunja sketi ya shule.

“Kaku, apana,” alisema.

“Apana nini?”

“Umekosea.”

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nasema ukweli: mkono ule mwingine ulipanda peke yake. Hakuna mtoto katika nyumba yangu aliyewahi kuniambia neno hilo usoni. Hata mama yake, ambaye anagombana na maaskari wa barabarani, hajawahi.

“Rudilia.”

“Umekosea, Kaku.” Macho yake, kwa mara ya kwanza, yalikuwa juu yangu. “Hii samaki hafungulake kinywa vile. Taya ya chini peke yake, ile ni ya mbuzi, ni ya shiye bantu. Yeye ananyanyulaka kichwa. Hapa kwa shingo iko na bawaba mbili, huku na huku. Kichwa inapanda, taya inashuka, pamoja, mbio sana, maji inaingia na nyama inaingia ndani. Vile umefunga shingo, hawezi kula. Atakufa na njaa.”

Nikashusha mkono. Nikaketi juu ya pipa.

Kwa sababu hapo nilikumbuka. Mjukuu alikuwa na miaka sita. Mjomba wa ukoo, mtu mzito, alikuja kututembelea, akasimulia safari yake ya gari moshi, na mtoto akasema: “Apana, mara ile ingine ulisema ulitembea kwa miguu.” Ilikuwa kweli! Mjomba alikuwa mwongo tangu tumboni. Lakini nilimpiga mtoto kofi la mdomo mpaka jino la maziwa likatoka. Nikampigisha magoti. Nikamwambia: mkubwa akisema, wewe unainamisha kichwa, unanyamaza, hata akisema jua ni kijani. Mjomba akanisifu: “Huyu mutoto analelewa.” Na mimi nilivimba kwa sifa. Kwetu watu wa Kasai mtoto wa kike anayemtazama mkubwa machoni ni aibu ya mama yake na ya bibi yake. Nilimfunza hivyo kila siku, chakula kwa chakula, na yeye, kwa kuwa ana akili, alijifunza vizuri kupita wote.

Kisha nikampeleka shule, kwa watu wanaotaka atazame juu na kujibu.

Profesa alifikiri mtoto ni mwoga. Mama yake alifikiri mtoto ana haya. Kumbe mtoto alikuwa anatii. Ziro zile tatu zilikuwa zangu, niliziandika kwa mkono huu.

“Lete tindo,” nikamwambia.

Tulivunja ribeti zote za shingo. Inauma kuvunja kazi yako nzuri. Kila ribeti ilitoka inalia. Nilichukua bawaba za kabati la zamani, nikafunga moja kila upande, na yeye akasimama juu yangu akisema, “Chini kidogo, Kaku. Apana, chini tena. Hapo.” Tukapitisha waya nyuma, ukiuvuta kichwa kinanyanyuka na taya linashuka, ukiuachia panga zinafungana. Mara ya kwanza nilipouachia, kuku wote wa mtaa waliruka. Jirani akaangusha kikapu upande wa pili wa ukuta, nikamsikia anaita jina la Bikira Maria.

Kisha nikaweka sheria mpya ya nyumba. Kila siku, kabla ya kula bukari, ugali wetu, aniambie kitu kimoja nilichokosea, na aniambie akiwa ananitazama machoni. Siku ya kwanza alilia. Bukari ikapoa, mimi nangoja.

“Chumvi,” alisema mwishoni. “Katika sombe ya jana. Ilikuwa... mingi.”

“Ilikuwa mingi,” nikajibu. “Kula.”

Siku ya pili, mbabula ya mteja ilikuwa na mguu mfupi. Uongo, nilifikiri, nikapima, kweli! Siku ya tano alisema nakoroma. Wiki ya pili ilibidi nimwambie: kimoja, nimesema kimoja, haya mengine uyaweke ya kesho. Wateja wangu nao niliwatumia. Mtu akija kununua mbabula, haondoki bila kuelezwa samaki. Mwanamke mmoja wa Kamatanda, kule wanakochimba shaba, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anapatikana amekaushwa.

Siku yenyewe nilibeba kichwa juu ya kichwa changu, kwa kata ya kitenge, toka nyumbani mpaka shule. Waendesha pikipiki walisimama. Mlinzi wa mlango alitaka kunizuia, akatazama macho ya samaki, akafungua mlango wote. Profesa alikuwa amekubali nisimame nyuma ya meza nivute waya, maana mtoto asingeweza kuvuta na kuonyesha pamoja.

Ukumbi ulijaa. Mwenye moyo alionyesha moyo wa udongo, akasema vizuri. Mwenye mbu alisema haraka kama mtu anayekimbia mbwa. Kisha inspekta akafika kwetu: mzee mwenye tumbo, suti, miwani ya dhahabu, nyuma yake mkuu wa shule, ambaye wanamwita prefe, na profesa wetu na karatasi yake ya alama. Walisema Kifaransa. Kifaransa changu ni cha sokoni. Nusu nilielewa pale pale, nusu mjukuu alinieleza baadaye.

Mtoto alianza. Alisema jina bila kuumwa ulimi. Alisema bahari, ngao, mabamba. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa inatembea. Ndipo inspekta akanyoosha kidole kinene mpaka kinywani mwa samaki.

“Umesahau meno,” alisema. “Huyu ni papa wa zamani. Papa ana meno. Mwindaji bila meno hayuko. Andika kwamba kuna kosa.” Na hilo la mwisho alimwambia profesa.

Nikaona shingo ya mtoto inashuka. Iliinama pole pole, kama nilivyoifunza, mpaka kidevu kikagusa kifua. Mkubwa amesema. Jua ni kijani. Profesa alishika kalamu juu ya karatasi, hakuandika, alikuwa anangoja, na naona alikuwa anaomba. Mama mmoja nyuma akasema “maskini”, na neno lile lilinichoma kuliko kaa la moto.

Mtoto aligeuza jicho kidogo, upande wangu. Hakuwa anaomba msaada. Alikuwa anaomba ruhusa.

Nilisema kwa Kiswahili, na sikusema pole pole, maana sijui kusema pole pole:

“Mwambie! Yeye ni mukubwa, lakini si Mungu. Minye ulinikosoa, nikafa?”

Ukumbi ulicheka kama paa linaanguka. Prefe alifunika uso. Nikauvuta waya kwa nguvu zangu zote, kichwa kikapanda, nikauachia: TA! Inspekta alirudisha kidole chake haraka, akakihesabu.

Na mtoto akanyanyua kichwa.

“Bwana inspekta, samahani, umekosea,” alisema, kwa Kifaransa, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mlinzi nje. “Huyu si papa. Papa walikuwepo wakati wake, na pengine aliwala. Meno hana. Kaku, mkasi.”

Nilimpa mkasi wangu wa kukatia bati kutoka mfukoni mwa aproni. Akaufungua mbele ya miwani ya dhahabu.

“Huu una meno?”

“Hauna,” alisema inspekta.

Akachukua kopo tupu la maziwa juu ya meza, akalikata katikati kama karatasi. “Bibi yangu ana mkasi huu tangu kabla sijazaliwa. Kila unapofunga, upande mmoja unanoa mwingine. Samaki huyu alikuwa na mfupa wa namna hii. Meno yanavunjika. Mfupa huu haukumwishia.”

Inspekta alichukua vipande vya kopo, akapitisha kidole kwenye ukingo. Hakucheka, hakukasirika. Niliona anaanza kupenda, maana mtu mwenye akili akipigwa vizuri huomba tena.

“Vema. Na sisi hapa ni nchi ya mawe. Mifupa yake imechimbwa wapi, Kamatanda?”

Huo ulikuwa mtego. Watu wengi walitikisa vichwa, ndiyo, Kamatanda, kule kunatoka kila kitu. Mtoto hakungoja hata kunitazama.

“Apana,” alisema, kwa Kiswahili kabisa, kisha akakumbuka akarudi Kifaransa. “Mawe yetu yenye shaba ni mazee kumpita yeye. Yalikuwa matope ya bahari, ndiyo, lakini bahari ya wakati samaki hawajakuwepo. Ukimtafuta Kamatanda, ni kama kumtafuta mjukuu katika picha ya harusi ya babu. Mifupa yake imepatikana Amerika, Moroko, hata Ubelgiji.”

“Ubelgiji?” alisema mzee mmoja wa kiwanda aliyekuwa amekaa mbele, aliyewahi kuwafanyia kazi Wabelgiji. “Kinywa ile? Njo vile nilifikiria!”

Hapo hata inspekta alishindwa, tumbo likamruka. Na mtoto alicheka na wote, mdomo wazi, bila mkono mbele. Waliuliza tena, akajibu. Kwa nini alitoweka na ngao zote zile? Alisema bahari ilibadilika, hewa ikapungua majini, wenye ngao wote wakaisha na wadogo walio wepesi wakapita. Waliuliza kitu kingine, akasema: “Hicho sikijui, na wenye kujua nao hawajakubaliana.” Niliona profesa anaandika kwa haraka, na sikuhitaji kujua kusoma Kifaransa. Mkono unaoandika ziro hauzunguki hivyo mara nyingi.

Inspekta alimgeukia prefe. “Nani alisema huyu hawezi kusema?”

Prefe akamtazama profesa. Profesa akanitazama mimi.

Alikuja baadaye, nikiwa nafunga panga kwa kitambaa zisimkate mtu njiani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi sasa.

“Mama, nilikosea,” alisema. “Nilifikiri ni woga.”

“Minye njo nilikosea wa kwanza,” nikamjibu. “Weye uliongeza tu. Lakini coupe-couture, hapana?”

“Hapana, mama! Hakuna mutu atamutoa kwangu.”

Nililia? Nililia, ndiyo, na kwa kelele, nikaufuta uso kwa kitenge cha Pasaka mbele ya watu wote, na sikuona aibu hata ya kujaza kijiko.

Prefe aliomba kichwa kibaki shule. Nilikubali kwa sharti moja: chini yake waandike jina la mtoto, si langu. Kimewekwa juu ya kabati, kwenye ukuta wa chumba cha sayansi, na wale wa mwaka wa kwanza wanakivuta waya mpaka bawaba moja ikapinda. Basi mwezi uliopita walinitumia mtu. Mimi niliyeacha mwaka wa tatu, shule ya sekondari imeniita kazini! Mlinzi akauliza, “Mama, unatafuta nani?” Nikamwambia, “Sitafuti mutu. Nimeitwa.”

Nikapita na koleo langu kwenye baraza. Mlango wa darasa la mwisho ulikuwa wazi nusu, na kabla sijafika nilisikia sauti ninayoijua, iko juu ya sauti zote, inapinga kitu, sijui kitu gani, kitu cha damu au cha mawe.

“Nimekusikia,” profesa alikuwa anasema. “Ikaa chini, nimekusikia.”

“Ndiyo, profesa, lakini sijamaliza.”

Nilisimama pale kidogo, nyuma ya mlango. Yeye hakuniona. Aliendelea.